Shikamoo Iliyopoza Mayai

Vijana wangu, niliwahi kuua mayai mia mbili ya kuku kwa shikamoo. Nalisema mapema, maana mkiniona nimekaa hapa Songea na miwani yangu mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kusomea, mnadhani nilizaliwa najua. Nilizaliwa Tunduru, kwa wakulima wa korosho, nikaja Songea kusoma, nikabaki. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeandika programu kwa lugha ya C, zile zinazoishi ndani ya visanduku vidogo visivyo na kioo wala kibodi. Programu za namna hiyo hakuna anayezisifu zikifanya kazi. Zikikosea ndipo unapigiwa simu.

Mmeniuliza juzi kwa nini nawapigia kelele mkichanganya ishara na poll hovyo. Basi kaeni niwaeleze habari za Mama Skola.

Jina lake kamili ni Skolastika. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Mshangano, hapahapa Songea, na alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga iliyokuwa ikimeza mayai mia mbili kwa mara moja. Mayai yanataka joto lisiloyumba kwa siku ishirini na moja. Umeme ukikatika na jenereta isipowaka, joto linashuka, na kifaranga aliye ndani ya ganda anakufa kimya kimya. Kisanduku nilichomtengenezea kilikuwa na kazi iliyo rahisi kuitaja: kusikiliza vipimajoto, kusikiliza modemu ya simu, na umeme ukikatika, kuwasha jenereta na kumtumia meseji.

Kusikiliza vitu vingi kwa pamoja nilifundishwa na Mzee Fabiani. Ujana wake wote alikuwa opereta wa swichibodi ya simu, enzi za kuchomeka waya kwa mkono, na kompyuta alijifunza ukubwani, kwa ubishi tu. Alikuwa ananitania kwamba watu wa Tunduru vichwa vyetu vina ganda la korosho, lazima vichomwe kwanza ndipo vifunguke. Aliniambia, "Opereta mjinga anazunguka kuuliza kila waya, una neno? Una neno? Mwenye akili anakaa, anatazama ubao mzima, anasubiri kijilango cha waya mmoja kianguke, ajue nani anapiga." Poll ndiyo hiyo hiyo. Programu inaukabidhi mfumo unaoendesha kompyuta orodha ya namba za milango yake, zile ambazo vitabu vinaziita file descriptor, halafu inalala. Mlango wowote ukiwa na neno, mfumo unaiamsha.

Ishara, ile ambayo vitabu vinaiita signal, ni kitu kingine. Haipiti mlangoni. Inakushika bega popote ulipo, hata kama uko katikati ya kumeza mate. Programu inaacha ilichokuwa inafanya, inarukia kipande cha kodi, yaani maandishi ya programu, ulichokiandaa kwa ajili ya kuipokea, mimi nakiita kipokezi, na ikimaliza inarudi palepale ilipoachia. Kwenye kisanduku chetu kulikuwa na programu nyingine ndogo iliyokaa na betri ya akiba. Umeme ukikatika, hiyo ndogo ilitakiwa kuishika bega ile kubwa mara moja tu na kunyamaza.

Sasa, shikamoo.

Wiki za mwanzo kisanduku kilikuwa kikimtumia Mama Skola maneno mawili: UMEME UMEKATIKA. Akanipigia simu amekasirika. "Zuhura, hii mashine yako imelelewa wapi? Inanivamia kama askari wa kodi. Haisalimii?" Mimi nikacheka, kisha nikaona aibu kweli. Mtu mzima, mwalimu aliyezoea darasa zima kusimama akiingia, anaamriwa na kisanduku. Nikakaa nikaitengeneza. Ishara ikifika, kipokezi kiangalie saa, kijue ni asubuhi au mchana, kitunge meseji inayoanza na "Shikamoo Mama", kiulize habari za wakati ule, ndipo kiseme umeme umekatika, ndipo kiwashe jenereta. Salamu kwanza, shughuli baadaye, kama tulivyolelewa. Nilijisifu hadharani kwa kodi ile.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi ya Songea mnaijua, Mama Skola alikuwa kanisani, na baada ya misa akabaki kwenye mazoezi ya kwaya. Umeme ukakatika. Meseji haikuja. Aliporudi nyumbani saa tisa mchana alikuta mashine imepoa, na mayai yaliyokuwa yamebakiza siku nne yaanguliwe yamekuwa baridi kama mawe ya mtoni. Aliyapima kwa mwanga siku mbili mfululizo, akingoja kuona mtikisiko. Hakuna hata moja lililotikisika.

Nilipofika aliniambia, "Kaa ule kwanza." Nilikula ugali ule huku machozi yananilenga. Ningependelea anitukane.

Kilichotokea nilikielewa baada ya siku tatu. Vipimajoto vilikuwa vinatumia umeme uleule wa nyumba. Umeme ulipoanza kuyumba, kimoja kilitoa kipimo cha mwisho kabla ya kuzimika. Programu ikaamka, ikaanza kukiandika kipimo hicho pamoja na saa, na kusoma saa huko ndani kuna komeo: anayeingia anajifungia ili mwingine asimvuruge. Wakati huohuo ishara ikaishika bega. Kipokezi changu chenye adabu nacho kikataka kusoma saa ili kijue kisalimie vipi. Kikakuta komeo limefungwa, kikasubiri aliye ndani atoke. Na aliye ndani alikuwa ni programu ileile, iliyosimamishwa ili kupisha kipokezi. Wakasubiriana hapo, mtu mmoja ndani na nje, mpaka umeme ulipokwisha hata kwenye betri.

Mzee Fabiani hakunionea huruma. "Kengele ikilia umeshika waya wa mtu mkononi, unafanya nini? Unaanza kumsimulia habari za nyumbani? Unachora mstari mmoja kwenye karatasi, unamaliza waya ulioushika, ndipo unatazama karatasi." Andikeni hili hata ukutani. Ndani ya kipokezi usichape maneno kwa printf, usiombe kumbukumbu kwa malloc, usisome saa, usitunge meseji. Ipo orodha fupi ya kazi zinazoruhusiwa mle, na mfumo wenyewe unakuonyesha ukisoma kurasa zake za maelezo. Mimi nilikuwa sijazisoma. Nilikuwa nadhani kurasa hizo ni za watu wasiojua.

Nikarekebisha. Kipokezi kikabaki na mstari mmoja: kuandika moja kwenye bendera, yaani namba ya kukumbushia, ya aina ya sig_atomic_t yenye neno volatile mbele yake. Kitanzi kikuu, ule mzunguko wa programu wa kulala na kuamka, ndicho kingetazama bendera, kuwasha jenereta, halafu kutuma shikamoo. Naam, jenereta kwanza. Mama Skola mwenyewe aliniruhusu nivunje adabu kwa hilo.

Niwape na kosa dogo hapo katikati mcheke. Toleo la kwanza la marekebisho lilikuwa likijiua kila likipokea ishara. Ishara ikiikuta poll imelala, poll inaamka na jibu la makosa liitwalo EINTR, maana yake tu kwamba nimekatizwa. Mimi kila kosa nililifungia virago: programu inaaga na kuondoka. Kukatizwa siyo kuugua, vijana. Tazama bendera, fanya kazi, rudi ulale.

Baada ya hapo kila kitu kilionekana sawa kwa miezi. Kisha kideri kikapita Mshangano.

Aliyefuga kuku anajua. Asubuhi unakuta watatu wamelala kwenye banda, jioni kumi. Kwa wiki chache nyumba zilizokuwa na kuku arobaini zilibaki na tetea mmoja au wawili walioponea chupuchupu, na nyingi zilibaki na banda tupu. Wale waliopona kina mama waliwaona kama dhahabu, kwa sababu walikuwa wamevumilia ugonjwa. Wakakubaliana mayai yote ya tetea wale yasiliwe, yapelekwe kwa Mama Skola, yatotoleshwe kwa pamoja, na kila nyumba ianze upya na vifaranga wa mbegu ile. Yalipatikana mia moja themanini na kitu, yakiletwa mawili matatu kwenye vikapu, kila yai limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli.

Mama Skola aliyapanga kwenye chumba chenye ubaridi, ncha zikitazama chini. Akaniita. "Kabla sijayaweka kwenye mashine nataka kuijaribu mwenyewe. Nitavuta meni swichi mara arobaini. Nikipata arobaini zote, naweka."

"Mama, programu ni nzima," nikamwambia. "Inafanya kazi tangu mwaka jana."

"Hata mayai yangu mia mbili yalikuwa mazima."

Akavuta, siku nzima, akisubiri kila mara mashine itulie, na kuweka alama kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kesho yake alinipigia simu. "Thelathini na nane zimeitika. Mara mbili jenereta haikuwaka, na meseji haikuja."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia amekosea kuvuta. Mwanamke aliyefundisha hesabu nusu ya Mshangano, nikamwambia huenda alihesabu vibaya. Akasema, "Mwanangu, mayai yakizidi siku kumi nje hayafai tena. Leo ni siku ya tano. Njoo uvute wewe."

Nilipanda bodaboda nikaenda. Nilivuta mara ishirini na sita, zote zikaitika, na kila mara nilimtazama Mama Skola kwa jicho la "umeona sasa?" Ya ishirini na saba jenereta ikakaa kimya. Nikasubiri dakika moja, mbili, tano. Kuku mmoja, tetea wake pekee aliyebaki, alipita miguuni mwangu akidonoa. Mama Skola aliweka alama yake kwenye daftari, akaenda kugeuza mayai.

Siku mbili nilisoma kodi ile mpaka nikaiota. Ilikuwa fupi, na mbele ya macho yangu haikuwa na kosa: tazama bendera, kama imewekwa fanya kazi, kama haijawekwa nenda kalale kwenye poll. Siku ya saba nilikwenda nyumbani kwa Mzee Fabiani, wakati huo alikuwa ameshadhoofika, anaota jua kwenye kiti cha kamba. Nikamsomea kwa sauti.

"Rudia," akasema. "Polepole."

"Natazama bendera. Haijawekwa. Ninakwenda kulala."

"Na kengele ikilia wakati umeshatazama lakini hujalala?"

"Bendera inawekwa."

"Na nani anaitazama?"

Hakuna anayeitazama! Programu imeshatazama, imeridhika, iko njiani kwenda kulala. Ishara inaishika bega kwenye hatua ile moja, kipokezi kinaweka bendera, kinaondoka, na programu inaendelea na safari yake na kulala fofofo. Mgeni amepiga hodi ukiwa umeshachungulia dirishani na hujafika kitandani. Ishara ilishakuja na kwenda, haitarudia. Vipimajoto vimezimika pamoja na umeme, havina la kusema. Hakuna wa kuiamsha.

"Lakini nafasi yenyewe ni ndogo mno," nilimwambia. "Ni chembe ya sekunde."

"Ndogo, lakini unapita hapo kila mara. Na kile kipimajoto chako kinakuamsha wakati gani?"

Hapo ndipo ganda la korosho lilipofunguka kabisa. Kile kipimo cha mwisho cha umeme unaoyumba ndicho kilichokuwa kinaiamsha programu, inakiandika, inatazama bendera, inakwenda kulala, na wakati huohuo ndio ishara ilikuwa inafika. Nafasi ni ndogo, sawa, ila sisi wenyewe tulikuwa tunaipeleka ishara hapo kwa mkono.

Nikarudi ofisini mbio. Jifunzeni na hili, lina manufaa maisha yote: kosa linalojificha kwenye nafasi ndogo, ipanue nafasi. Niliweka usingizi wa sekunde tano katikati ya kutazama bendera na kuita poll, halafu nikatuma ishara kwa mkono ndani ya sekunde hizo. Ikafeli. Nikarudia, ikafeli. Mara kumi kwa kumi. Sijawahi kufurahia programu kufeli kama siku ile, karibu nicheze.

Dawa ziko mbili, na zote mzijue. Ya kwanza ni kuizuia ishara tangu mwanzo kwa sigprocmask. Ishara iliyozuiwa haipotei, inasubiri nje. Programu inafanya kazi zake zote imeizuia, na inapokwenda kulala haiiti poll bali ppoll, ikiikabidhi ruhusa ya kufungua. Mfumo unafungua na kulala kwa tendo moja, bila hatua ya katikati. Ishara ikiwa ilikuwa inangoja, programu haipati hata lepe la usingizi. Ikitoka huko, kizuizi kimerudi mahali pake, nawe unatazama bendera kwa utulivu.

Kisanduku chetu kilikuwa cha zamani, na ppoll yake ilikuwa ya jina tu. Ndani ilikuwa inafungua kwanza ndipo inalala, shimo lilelile limefunikwa majani. Kwa hiyo nikatumia dawa ya pili, ya wazee. Unatengeneza mrija, ule wa pipe, wenye ncha mbili ndani ya programu yako mwenyewe. Ncha ya kusomea unaiweka kwenye orodha ya poll pamoja na milango mingine. Kipokezi kazi yake ni moja, kuandika baiti moja kwenye ncha ya pili kwa write, ambayo imo kwenye ile orodha fupi ya halali. Ishara ikija kabla hujalala, baiti imeshakaa mlangoni inakungoja, na poll haitalala ikiiona. Mgeni hakupiga hodi akaondoka, ameacha kofia yake kizingitini.

Ncha zote mbili ziwekeni ziwe zisizongoja, ili mrija ukijaa kipokezi kisikwame. Kipokezi kiitunze errno, namba ya kosa la mwisho, kikiingia na kuirudisha kikitoka, la sivyo utakuja kusoma makosa ya mtu mwingine. Na msihesabu baiti mkidhani ni hesabu ya ishara. Ishara kumi za aina moja zikisongamana zinaweza kufika kama moja. Kausheni mrija, halafu mkaangalie wenyewe hali ya umeme ikoje.

Siku ya nane asubuhi nilikuwa Mshangano. Kabla ya yote nilisema, "Mama, nisamehe. Ulihesabu sawasawa."

"Najua nilihesabu sawasawa," akajibu. "Vuta."

Tulivuta kwa zamu, na kina mama wenye majina kwenye mayai walikuja wakakaa kwenye mkeka wanashuhudia. Ilipofika thelathini, kila jenereta ikiitika, walipiga vigelegele. Arobaini zote zilitimia kabla ya saa tisa. Mama Skola hakupiga kigelegele. Alivuta na ya arobaini na moja, akasema ya arobaini na moja ni ya kwangu, ndipo akaanza kuyaweka mayai, moja moja, akisoma majina.

Siku ya ishirini tangu mayai yaingie mashineni nilikwenda kuangalia. Kuna mayai yalikuwa yameanza kudonolewa kwa ndani, ukiweka sikio unasikia. Mvua kubwa ilikuwa inapiga mabati, na saa nne hivi taa ikayumba, ikazimika. Mimi na Mama Skola tulitazamana. Nilishika kona ya meza. Huko nyuma ya nyumba, ilikokaa jenereta, kulikuwa na sauti ya mvua tu, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na nakiri niliona tena yale mayai mia mbili ya Jumapili ile.

Jenereta ikakohoa, ikanguruma, ikashika. Taa ya mashine ikarudi, na feni ikaanza kuzunguka.

Mama Skola aliinua kioo kidogo cha mashine akachungulia, akanivuta kwa mkono nichungulie na mimi. Yai lililoandikwa jina la jirani yake wa chini lilikuwa limepasuka katikati, na kifaranga mweusi aliyelowa alikuwa amelala pembeni ya ganda anahema.

Simu yake ikalia mfukoni mwa kanga. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Kisanduku kilikuwa kimemwandikia: Shikamoo Mama, habari za asubuhi. Umeme umekatika, jenereta imewaka.

"Marahaba, mwanangu," akaijibu simu kwa sauti, na wala hakuwa anatania.